Figo ni moja, wanaoisubiri ni wengi: kipimo cha tishu kinaamua nini, na binadamu tunaamua nini?

#1 Hadubini (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ukizuka mjadala wa kupandikizwa figo naona mambo mawili yanajirudia. Wapo wanaodhani kupimwa ulinganifu ni mtihani: ukifaulu umepata, ukifeli ndiyo basi. Na wapo wanaodhani foleni ya figo za watu waliofariki ni foleni kama nyingine, aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Nimefanya kazi kwenye maabara ya tishu kwa miaka mingi, na yote mawili si kweli. Naomba nieleze taratibu. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Nianze na usiku mmoja ambao sijausahau. Figo ya mtoaji aliyefariki iko kwenye barafu, na barafuni figo haikai siku nyingi. Tukifika saa 24 tumeshaanza kuhangaika, 36 ni kulazimisha. Mezani kwangu kuna kisahani cha plastiki chenye vishimo 60, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Kila kishimo kina tone la mafuta ili kilichomo kisikauke, na chini ya mafuta nimedondosha mikrolita 1 ya seramu ya mgonjwa, yaani yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Nikaongeza chembe nyeupe za mtoaji, tulizozipata kwenye wengu wake. Nikasubiri, nikatia seramu ya sungura (ndiyo inayokamilisha kuua, kama kinga ya mgonjwa imeikamata chembe), nikasubiri tena, nikatia rangi ya eosini, ndipo nikainamia hadubini.

Chembe iliyo hai inang'aa kama punje ya kioo iliyopigwa na mwanga. Iliyokufa imevimba, imeingia rangi, haina mng'ao. Kishimo cha mgonjwa wa kwanza kwenye orodha kilikuwa giza tupu. Alama zetu huanzia 1, maana yake chembe zilizokufa hazizidi asilimia 10, na hupanda hadi 8, yaani zimekufa zaidi ya asilimia 80. Niliandika 8. Alikuwa mama wa watoto wanne, na alikuwa amesubiri kuliko wote waliomfuata kwenye orodha ile. Damu yake ilikuwa imeziua chembe za mtoaji mbele ya macho yangu, na figo nayo ingefanyiwa hivyo hivyo kabla hata mshono haujakauka. Figo ikaenda kwa mgonjwa wa pili, ambaye kishimo chake kilikuwa kinameremeta chote.

Kipimo hicho tunakiita krosimachi. Mbinu ya vishimo vidogo aliileta Paul Terasaki wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, mwaka 1964, kwa sababu seramu za kupimia zilikuwa adimu na alitaka tone moja lifanye kazi ya matone mengi. Mwaka 1969 yeye na mwenzake Patel walichapisha hesabu ambayo kila mtu wa kazi hii anaijua. Kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa ilhali krosimachi ni chanya, yaani chembe za mtoaji zimekufa, 24 figo zao zilikufa papo hapo. Kati ya 195 ambao krosimachi ilikuwa hasi, zilizokufa hivyo ni 8. Kuanzia hapo ikawa kanuni: hakuna kushika kisu kabla ya krosimachi kusomwa.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize tu.

#2 Foleni Ndefu

Mkuu asante sana kwa uzi huu. Mimi nasafishwa damu mwaka wa tatu sasa. Mdogo wangu amejitolea kunipa figo, kundi letu la damu ni moja, tumepimwa tukaambiwa tumelingana "nusu". Nikauliza nusu ya nini, nikajibiwa ni lugha ya kitaalamu. Nimeondoka na nusu yangu bila kujua ni ya kitu gani. Naomba kueleweshwa, na je, nusu inatosha?

#3 Hadubini

Pole kwa safari ndefu ndugu yangu. Ulistahili kuelezwa, na si jambo gumu.

Kwenye uso wa karibu kila chembe ya mwili kuna protini zinazoitwa HLA. Hizo ndizo kitambulisho ambacho walinzi wa mwili wako hukisoma ili kujua huyu ni wa nyumbani au mgeni. Ya kwanza kabisa ilitambuliwa na Mfaransa Jean Dausset mwaka 1958, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Jeni zake zimekaa kwa pamoja kwenye kromosomu ya 6, kwa hiyo hurithiwa kama furushi: furushi moja zima kutoka kwa baba, jingine kutoka kwa mama. Ndiyo maana mzazi na mtoto daima wanalingana nusu. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ni bahati ya kuchota: robo ya uwezekano mmepata mafurushi yale yale yote mawili, nusu ya uwezekano mmeshirikiana furushi moja, robo hamjashirikiana lolote. Wewe na mdogo wako mnashirikiana furushi moja. Hiyo ndiyo nusu yenu.

Kwa figo tunazitazama zaidi HLA-A, HLA-B na HLA-DR. Kila moja unazo mbili, jumla sita, ndiyo maana utasikia "hazilingani tatu" au "hazilingani sifuri". Siku hizi HLA-DQ nayo tunaiangalia kwa makini, kwa sababu kingamwili nyingi zinazoota baada ya upandikizaji, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kushambulia kigeni, huelekea huko.

Je, nusu inatosha? Ndiyo, tena hata sifuri hutosha. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, Boston, Desemba 1954, ulikuwa wa mapacha wanaofanana, Ronald Herrick akimpa Richard. Wakati ule bila pacha hakuna matumaini, maana dawa za kutuliza kinga hazikuwepo. Zikaja dawa, na siklosporini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983 ikabadilisha hali kabisa. Mwaka 1995 Terasaki na wenzake wakaonyesha kwamba figo walizopeana wanandoa, watu wasio na undugu wa damu, asilimia 85 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka mitatu. Za marehemu zilikuwa asilimia 70, ingawa zenyewe ndizo zilizokuwa zikitafutiwa mpokeaji wa kulingana naye. Figo iliyotoka kwa mtu aliye hai na mwenye afya, ikakaa barafuni muda mfupi, ina nguvu ambayo tofauti ya HLA haiiondoi kirahisi.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili. Kutolingana HLA ni jambo la kiasi: kadiri tofauti zinavyoongezeka ndivyo hatari inavyopanda kwa miaka ijayo. Kuwa na kingamwili zilizokwisha tengenezwa dhidi ya HLA za mtoaji ni jambo la leo usiku. Yule mama wa watoto wanne hakukosa figo kwa kutolingana. Aliikosa kwa sababu damu yake ilikuwa tayari inamjua adui.

#4 Mama Watatu

Nimesoma nikiwa nalia, samahanini. Mume wangu alijitolea. Kundi la damu sawa, afya yake nzuri, kila kitu kizuri, krosimachi chanya. Tukasema basi, kijana wetu mkubwa ana miaka 26 na yuko tayari. Chanya tena, na kali zaidi. Nimezaa watoto watatu na uzazi wa mwisho niliongezewa damu. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilirudi nyumbani nikiona kama mwili wangu unaikataa familia yangu mwenyewe.

#5 Hadubini

Dada yangu, soma hapa kwa utulivu, kwa sababu maelezo yapo na hayana kosa lako hata moja.

Mtoto tumboni ana furushi la HLA kutoka kwako na furushi kutoka kwa baba yake. Furushi la baba ni geni kwa mwili wako. Wakati wa ujauzito, na zaidi wakati wa kujifungua, chembe za mtoto huingia kwenye damu yako, na kinga yako hujifunza zile HLA za baba. Mholanzi Jon van Rood aliliona hilo kwenye seramu za wanawake waliozaa mwaka 1958, mwaka ule ule wa Dausset. Kwa miongo mingi baadaye, maabara za dunia nzima zilipima tishu kwa kutumia seramu za akina mama waliozaa mara nyingi. Sayansi hii imejengwa juu ya damu ya wanawake kama wewe.

Sasa angalia matokeo yake. Watu walio tayari kabisa kukupa figo ni mume wako na watoto wako, na hao ndio ambao kinga yako imefundishwa kuwakataa. Mume akiugua, mke anaweza kumpa bila kikwazo hiki. Mke akiugua, mlango wa mume unaweza kuwa umefungwa na mimba walizozipata pamoja. Ukiongeza damu uliyoongezewa, ambayo nayo hubeba chembe nyeupe za watu wengine, kingamwili zinapanuka zaidi. Figo iliyopandikizwa zamani ikakataliwa ni njia ya tatu.

Maabara hukupa namba, asilimia ya watoaji ambao mwili wako ungewakataa. Hapa nataka kila mtu asome polepole, maana namba hii inadanganya macho. Mwenye asilimia 95 anaweza kupokea kwa mtoaji 1 katika 20. Mwenye 99 ni 1 katika 100. Mwenye 99.9 ni 1 katika 1,000. Kwenye karatasi 95 na 99.9 zinaonekana jirani, lakini wa pili atangoja mara 50 zaidi ya mwenzake kama foleni inahesabu siku peke yake. Uliza namba yako hadi nukta ya mwisho.

#6 Mchambuzi

Mleta mada, maelezo yako ya kisayansi sina tatizo nayo. Ila nina hoja. Figo ni chache. Kwa nini mfumo uhangaike na mtu ambaye ni 1 katika 1,000, na ambaye hata akipata, hatari ya kuikataa ni kubwa? Ukimpa kijana mwenye HLA zinazolingana, figo hiyo hiyo inaishi miaka mingi zaidi. Miaka jumla ya uhai ndiyo kipimo cha haki. Haya mengine tunaongozwa na huruma. Sisemi kwa ubaya, nataka tulijadili kwa hesabu.

#7 Hadubini

Mkuu, hoja yako ni ya kweli na watu wenye nia njema wameishikilia kwa miaka. Nitaijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo moyo wa uzi huu ulipo.

Kwanza, kuna mfano wa nini hutokea watu wakijipa kazi ya kuamua nani anafaa. Seattle, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache mno kuliko wagonjwa. Ikaundwa kamati ya watu saba: mwanasheria, mchungaji, mwenye benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa wafanyakazi na daktari mpasuaji. Wakapewa majina, wakachagua. Walitazama kama mtu ana ndoa, ana kazi, anahudhuria kanisani. Hawakuwa watu wabaya. Lakini hukumu yao iliangukia kwa watu waliofanana nao. Habari ilipotoka mwaka 1962 nchi ilishtuka, na mwaka 1972 sheria ikapitishwa Marekani ya serikali kulipia matibabu hayo kwa karibu kila mwenye figo zilizokufa.

Baada ya hapo watu wakatamani kigezo kisicho na uso wa mtu. Wakaikimbilia HLA. Namba haina ubaguzi, walisema. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi niliamini hivyo.

Lakini HLA hazijatawanyika sawasawa duniani. Jamii moja ina aina zilizojaa, nyingine ina aina tofauti, na watu wenye asili ya Afrika wana utofauti mkubwa zaidi wa HLA kuliko wote. Ikiwa watoaji wengi ni wa asili moja, basi kila pointi unayotoa kwa kulingana ni pointi unayowapa wagonjwa wa asili hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyekusudia. Marekani waliliona, na mwaka 2003 wakaziondoa pointi za HLA-B kwenye ugawaji, wakabakiza za HLA-DR, ambako faida ya kulingana ni kubwa na aina zake ni chache. Uingereza nao, wanapohesabu kulingana, aina adimu huzihesabu pamoja na aina ya jirani yake iliyozoeleka, ili mwenye HLA adimu asibaki nje daima.

Tazama na kundi la damu. Figo ya mtu wa kundi O inaweza kuingia kwa yeyote. Ukiigawa kwa yeyote, wagonjwa wa kundi O, ambao hawawezi kupokea ila O, wataangalia figo zao zikiondoka moja moja. Kwa hiyo mifumo mingi huzibakiza O kwa O. Hiyo si huruma, mkuu. Ni kumzuia mwenye njia nyingi asimalize njia pekee ya mwenzake. Na mwenye kingamwili za asilimia 99.9 yuko kwenye hali hiyo hiyo. Figo inayomfaa yeye itawafaa pia mamia ya wengine, lakini wale watapata nyingine mwezi ujao au mwakani. Yeye hatapata.

Ndiyo maana Eurotransplant, umoja wa nchi kadhaa za Ulaya wa kugawana viungo, alioanzisha van Rood huyo huyo mwaka 1967, wana mpango maalumu tangu 1989: kwa mgonjwa wa aina hii maabara haiishii kuorodhesha HLA anazozikataa, inatafuta zile chache ambazo mwili wake hauzigusi, na figo yenye hizo ikitokea nchi yoyote mwanachama, yeye ndiye wa kwanza. Nao Marekani, katika mfumo ulioanza Desemba 2014, mwaka mmoja wa kusubiri ni pointi 1. Mwenye asilimia 98 ya kingamwili anapewa pointi 24.4. Mwenye 99, 50.09. Mwenye 100, pointi 202.1. Yaani mfumo unakiri kwamba bila msaada huo mtu huyu angehitaji kusubiri miaka mia mbili na ushee kufikia pointi hizo.

Na hoja yako ya miaka ya uhai haikutupwa. Katika mfumo huo huo, figo bora kabisa, asilimia 20 za juu, hutangulizwa kwa wagonjwa asilimia 20 wanaotarajiwa kuishi nazo muda mrefu zaidi. Huhesabiwa kwa vitu vinne tu: umri, muda wa kusafishwa damu, kisukari, na kama alishapandikizwa. Eurotransplant tangu 1999 wanawapa wagonjwa wa miaka 65 na zaidi figo za watoaji wa umri huo huo, karibu na walipo, bila kungoja HLA zilingane, ili figo isizeeke zaidi kwenye barafu. Nakubali busara iliyopo hapo. Nisichokubali ni jumla ya miaka iwe mfalme peke yake, maana hesabu ya jumla haioni kwamba hasara yote imemwangukia mtu yule yule kila usiku.

#8 Muuguzi wa Zamu

Naomba niongeze kitu kutoka upande wetu wa mashine. Mnajadili nani awe wa kwanza kwenye orodha. Mimi nawaona watu ambao orodha hawajawahi kuifikia. Mgonjwa anasafishwa mwaka, miwili, hakuna aliyemwambia kuna kuandikishwa. Mwingine vipimo vyake vya awali vinakaa miezi, vinapitwa na wakati, anaambiwa aanze upya. Akija kuandikishwa, siku zake zinaanza kuhesabiwa hapo. Nani anamfidia?

#9 Hadubini

Umegonga penyewe. Mfumo wa 2014 wa Marekani ulirekebisha hilo kwa kiasi: saa ya kusubiri huhesabiwa kutoka siku mgonjwa alipoanza kusafishwa damu, hata kama jina lake liliingizwa miaka baadaye. Naona ni moja ya kanuni za haki kuliko zote walizoandika.

Kuna na jambo lililonikasirisha nilipolielewa. Mtu anaweza kuanza kuhesabiwa siku kabla ya mashine, figo zake zikishuka hadi uwezo wa kuchuja mililita 20 kwa dakika au chini ya hapo. Uwezo huo hukadiriwa kwa fomula kutokana na kreatinini ya damu, taka ambayo figo huichuja. Fomula iliyotumika sana tangu 2009 ilikuwa ikizidisha jibu la mgonjwa mweusi kwa 1.159. Figo zile zile, kreatinini ile ile, ila kwenye karatasi anaonekana mzima zaidi. Mwenzake anafika 20, yeye anasomeka 23 na anaambiwa bado. Mwaka 2021 ikatoka fomula isiyo na kizidisho hicho, mwaka 2022 vituo vya Marekani vikakatazwa kutumia ile ya zamani kwenye orodha, na mwaka 2023 vikatakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi waliocheleweshwa siku zao. Kosa lilikaa ndani ya hesabu, na hesabu ilikuwa imeaminiwa.

#10 Mchambuzi

Hilo la 1.159 sikulijua. Na la mwenye njia nyingi kumaliza njia ya mwenzake limeniingia. Bado naamini matokeo ya muda mrefu yapewe uzito, lakini naona sasa kwamba nilikuwa nauliza "figo itaishi wapi zaidi" na kusahau kuuliza "nani hatapata nyingine".

#11 Mama Watatu

Kaka Hadubini, Mungu akubariki. Mara ya kwanza naelewa kilichonipata. Sasa nifanye nini? Mume wangu anasema figo yake bado ipo, ampe nani basi?

#12 Hadubini

Ampe mtu mwingine, dada, na mke au ndugu wa mtu huyo akupe wewe. Sitanii. Kunaitwa kubadilishana. Wawili wasiopatana na wawili wengine wasiopatana, figo zinavuka. Wazo liliandikwa na Felix Rapaport mwaka 1986, Korea Kusini wakalianza mwaka 1991, na Uholanzi walikuwa na mpango wa taifa zima kufikia 2004. Mchumi Alvin Roth, aliyepata Nobel mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, alitengeneza njia ya kompyuta kupanga mizunguko ya jozi nyingi. Kwenye mizunguko midogo upasuaji hufanywa kwa wakati mmoja, kwa sababu hakuna anayeweza kulazimishwa kutoa figo baada ya mwenzake kupata. Mwenye kingamwili nyingi bado ana kazi ngumu humo ndani, ila kila jozi inayoongezwa ni mtoaji mpya wa kujaribiwa naye. Uliza kama kituo chako kimo kwenye mpango wa namna hiyo.

Ukienda, omba karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ya HLA ambazo una kingamwili dhidi yake, na nguvu ya kila moja. Kipimo cha shanga (vishanga vidogo vya maabara, kila kimoja kimebandikwa HLA ya aina moja) kinazitambua moja moja, na si zote zilizo dhaifu zinastahili kukufungia mlango. Mwambie daktari akueleze mstari wameuweka wapi na kwa nini hapo. Ya pili ni tarehe ya seramu yako ya mwisho. Maabara hulinganisha orodha yako na HLA za mtoaji hata kabla ya figo kusafirishwa, kwa hiyo orodha ikiwa ya zamani watakuita usiku bure au hawatakuita kabisa.

Na tafadhali, upungufu wa damu ukizidi, kabla hawajatundika chupa, waulize kama sindano za kuongeza damu na madini ya chuma zinaweza kutosha. Ikibidi uongezewe, ongezewa, uhai kwanza. Ila iambie maabara ya tishu siku hiyo hiyo, wachukue seramu mpya baada ya wiki mbili, na nyingine baada ya wiki nne.

Foleni Ndefu, na wewe pia. Mdogo wako amekungoja vya kutosha, nenda mkamalizie vipimo.